Ile Mashini Haikukufa



Tangu mwezi uliopita wengi wananisimamisha njiani, hata kwenye mstari wa bendera, na swali ni moja: "Kapita, mulifanya je paka ile mashini ikaamka?" Nimejibu mara nyingi, lakini kila mara kengele inalia kabla sijamaliza, na mtu anaenda na nusu ya maelezo. Kesho yake nasikia wadogo wanasema tuliipiga na nyundo, ama kwamba kuna mtu alileta dawa kutoka Goma. Basi nimeomba wakubwa wa jarida wanipe fasi niandike yote polepole, yabaki kwenye karatasi hata sisi wa mwaka wa mwisho tukiisha kwenda.

Mashini zenyewe munazijua. Ni masanduku mawili ya rangi ya majivu yaliyokuwa katika stoo nyuma ya ofisi, chini ya magunia. Zilifika zamani kama zawadi. Vita vilipofika Kibumba mwisho wa mwaka 2022, sisi wote tulitelemka na barabara ya Goma paka Kanyaruchinya, na mashini zikabaki. Tuliporudia, ekrani moja ilikuwa imepotea, ingine iko na alama ya kupigwa pembeni, lakini masanduku yalikuwa pale pale. Nafikiri hakuna aliyeona faida ya kukimbia na chuma kizito namna ile.

Mwaka jana fundi mmoja alipita hapa. Alipangusa vumbi, akabadilisha waya, akaweka Linux ya namna inayoitwa Debian, ya 12, kisha akaenda. Tangu siku hiyo, ukiiwasha, feni inalia, ekrani inajaa mistari ya herufi nyeupe inayokimbia kama mvua, halafu kila kitu kinasimama na chini kunabaki neno moja tu: login. Hakuna mlima, hakuna maua, hakuna madirisha, hakuna kishale cha panya. Kila aliyepita alisema neno moja: "Ilikufa." Mwalimu mmoja alisema kwa huruma, "Haina sura tena." Huyu ndiye aliyekuwa karibu na kweli kuliko wote, ingawa hakujua.

Sasa niseme kwa nini jambo hili halikuwa mchezo. Wenzetu wa Komersiale wanasoma informatique ubaoni. Mwalimu anachora klavye na chaki, herufi moja moja, A Z E R T Y, nao wanaikopia ndani ya kaye. Dada mmoja wa darasa lao alipata 17 juu ya 20 kwa swali la sehemu za ordinatere, na katika maisha yake yote alikuwa hajagusa klavye. Simcheki hata kidogo, alama zile ni za haki. Lakini siku moja atatelemka Goma kutafuta stage ama shule ya juu, watamuweka mbele ya mashini, na vidole vyake havitakuwa na 17.

Papa Prefe naye alikuwa na haki yake. Mnunuzi mmoja wa vyuma vya zamani alipita na mizani, akataja bei. Si bei kubwa, lakini ingetosha karatasi za mitihani na boksi za chaki. Shule yenye kuhesabu chaki haiwezi kulea maiti ya chuma. Tulienda watatu kumwomba atungojee mpaka siku ya posho. Alinyamaza kidogo, akasema: "Mpaka posho. Kisha mizani." Ilikuwa siku ya kazi ya pili jioni.

Kabla sijaendelea, ni lazima nieleze ile picha inatoka wapi, kwa sababu bila hilo hamtaelewa kitu. Linux ilianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, mwanafunzi wa Helsinki kule Finland. Alikuwa na miaka 21, ni kusema si mbali na umri wa baadhi yetu. Aliijenga ifuate mwenendo wa Unix, ambayo mizizi yake ni ya mwaka 1969 katika maabara ya Bell, Marekani. Wakati ule watu waliandika amri kwenye klavye, na mashini ikawajibu kwa kupiga herufi juu ya karatasi. Picha haikuwako. Ndiyo sababu mpaka leo Linux haihitaji picha ili iishi. Inahesabu, inatunza faili, inasikiliza amri, yote gizani.

Picha inaletwa na programu ingine, ya pembeni. Jina lake ni herufi moja: X. Ilianza mwaka 1984 katika chuo cha MIT, Marekani, na namna tunayoitumia, X11, ilitoka mwaka 1987. Wapenzi wa aljebra wasifurahi bure, si ile x ya kutafuta. Kabla yake kulikuwa programu iliyoitwa W, na X ndiyo herufi inayofuata, basi. Kazi ya X ni kuchora na kusikiliza: inachora nukta juu ya ekrani, na inasikiliza klavye na panya. Haijui kuandika barua. Programu ya barua ndiyo inayomwambia, "Nichoree mstari hapa," naye anachora. Hata kupanga madirisha, hili mbele, lile nyuma, si kazi yake; iko programu ya tatu kwa hiyo. Kwa hiyo kwetu moyo ulikuwako, mchoraji hakuwako, na mpanga madirisha hakuwako. Fundi aliweka msingi peke yake, maana vile vingine kwa kawaida vinashushwa kutoka intaneti, na hapa kwetu intaneti ni ya kupanda kilima na telefone mkononi. (Wale wa Goma watasema siku hizi kuna Wayland, iliyoanza mwaka 2008 na inayochukua kazi ya X kwenye mashini nyingi mpya. Ni kweli. Lakini mashini yetu ni mzee, tumpe mzee mwenzake.)

Siku ya tatu jioni tuliketi mbele ya lile neno login. Jina na neno la siri fundi aliviacha kwenye karatasi iliyobandikwa ndani ya mlango wa stoo (ile karatasi tumeitoa sasa, musijisumbue). Tuliandika, mashini ikafungua. Yule dada wa Komersiale alikuwa nasi. Alitazama herufi nyeupe juu ya weusi, akasema: "Lakini hii ni ubao." Nami nikaona ni kweli kabisa. Waliosoma ordinatere kwa chaki hawana sababu ya kuogopa ekrani nyeusi. Wanafunzi wa shule zenye mashini za rangi ndio wanaoiogopa. Nilimwambia aandike date, akabonyeza herufi nne akizitafuta moja moja, mashini ikajibu kwamba tuko mwaka 2023. Tulicheka. Betri yake ndogo ya saa ilikuwa imekwisha. Lakini shika hiyo saa mbaya akilini, kwa sababu itatugombanisha mbele.

Siku ya ine alifika ndugu yangu, mtoto wa baba mkubwa, anayesoma informatique Goma. Alipanda pikipiki na flashi mfukoni, na ndani yake diski nzima ya kwanza ya Debian, karibu gigabaiti 4. Wengine waliuliza kwa nini si Ubuntu, kwa vile jina ni letu Waafrika. Ilianzishwa mwaka 2004 na Mark Shuttleworth wa Afrika ya Kusini. Sababu ni kwamba Ubuntu iliacha mashini za biti 32 kama hizi zetu, na inapenda kumbukumbu kubwa. Kubwa letu lina gigabaiti 1, dogo lina nusu. Debian 12 bado inakubali mashini kama hizo. 13, iliyotoka mwaka 2025, haiwekwi tena juu yake.

Tulimwonyesha mashini kwamba stoo yake sasa iko ndani ya flashi. Ikakataa. Ilisema orodha ya stoo imeandikwa siku ambayo haijafika. Ndiyo ile saa: mashini iliyo katika mwaka 2023 haiwezi kuamini karatasi ya mwaka 2025. Tukaisahihisha tarehe kwa amri, kisha:

apt update
apt install xorg xfce4

Ya kwanza inasoma orodha, ya pili inaleta mchoraji pamoja na Xfce, ambayo ni mpanga madirisha na vitu vyake, mwepesi, wa kufaa mashini maskini. Ilichukua zaidi ya saa nzima. Mistari ilikimbia, sisi tunaitazama kama watu wanaotazama sufuria ya maharagwe. Kisha ndugu yangu aliandika startx. Ekrani ikawa nyeusi, ikawaka, ikazimika, na herufi zikarudi na neno baya: no screens found. Maana yake, sioni ekrani yoyote. Na ekrani iko pale mbele yake! Mmoja wetu alitaka kuipiga kweli. Kumbe hadithi ya nyundo haikukosa mzizi.

Hapa ndipo nilijifunza kitu ninachokipenda zaidi ya vyote. X haikasiriki bila kuandika sababu. Kila mara inapowaka inaandika habari ya kila hatua katika faili inayoitwa Xorg.0.log. Mistari ni mamia, lakini kila mmoja una alama mbele: II ni habari tu, WW ni onyo, EE ni kosa. Huna haja ya kusoma yote, unatafuta EE. Ilisema haikupata karte ya picha iliyo tayari. Tukauliza moyo wa mashini wenyewe kwa amri dmesg, nao ukajibu wazi: karte ya picha inadai faili yake na faili haipo. Karte nyingi ziko hivyo. Kuna programu ndogo ya mtengenezaji inayopaswa kuingia ndani yake kila mashini inapowaka. Bila hiyo karte inagoma kama mfanyakazi asiyepewa jembe. Watu wa Debian walizitenga faili hizo muda mrefu, kwa sababu mtengenezaji anazitoa bila kuonyesha zilivyoandikwa ndani, na wao wanapenda kila kitu kiwe wazi. Mwaka 2022 walipiga kura, wakakubali ziingie kwenye diski zao, ila katika chumba chao peke yake kinachoitwa non-free-firmware. Mstari wetu wa stoo ulitaja chumba kimoja tu, main. Dawa ilikuwa kuongeza neno hilo moja mwisho wa mstari na kuleta paketi ya karte yetu.

Betri ikakata palepale. Saa kumi na mbili na nusu, giza, ndugu yangu lazima arudi Goma.

Kesho yake, siku ya tano, munakumbuka ukungu ule. Mikeno haikuonekana hata kidogo, Nyiragongo hali kadhalika, na kabichi za shamba la shule zilikuwa zinatiririka maji kutwa nzima. Mawaya makubwa yanayochukua umeme wa Matebe kwenda Goma hayatusaidii sisi. Shule yetu inakula jua, na jua halikuja. Hapa nataka kuandika shukrani yangu kwa walimu. Mama Sekretera alisema katika chumba chao kwamba betri ni ya mashini mpaka posho. Hakuna mwalimu aliyechaji telefone siku mbili. Mwalimu mmoja ambaye simtaji alikuwa anangoja habari za mke wake aliye hospitalini, na bado aliacha yake izimike, akaenda kuchajisha kwa franga zake barabarani.

Siku ya posho tulianza mapema, tukiwa wawili tu, mimi na yule dada. Ndugu yangu hakuwako. Tulifuata karatasi aliyoiacha. Tukaongeza neno, tukaleta paketi, tukazima, tukawasha. Yeye ndiye aliyeandika startx, kwa vidole viwili. Ekrani ikawa nyeusi, ikabaki nyeusi muda mrefu kuliko mara ya kwanza, kisha ikawa ya rangi ya buluu, na katikati kishale kidogo. Akagusa panya, kishale kikatembea. Alisema tu, "Paka hivi njo iko?" na akaendelea kukitembeza mpaka pembe zote ine, kama anayepima shamba.

Papa Prefe aliingia saa ine. Hakusema kitu kwa muda. Kisha akauliza swali la mtu wa kazi: "Inaweza kuandika barua ya kwenda ofisi ya divisheni?" Tukafungua programu ya kuandika, dada akapiga tarehe na jina la shule. "Vema," akasema. "Hii inabaki. Na ile ingine?"

Ile ingine! Tulikuwa tumeisahau. Ni dhaifu, programu kubwa inaiua. Lakini karatasi ya ndugu yangu ilikuwa na mstari wa mwisho ambao sikuuelewa mpaka saa ile. Munakumbuka nilisema mchoraji na programu ya barua ni watu wawili mbalimbali. Basi si lazima wakae nyumba moja. X iliumbwa tangu mwanzo hivyo: programu inaweza kutumika ndani ya mashini yenye nguvu, na picha yake ikachorwa kwenye ekrani ya mashini ingine, amri zikipita ndani ya waya. Katika vyuo vya zamani walifanya hivyo na mashini moja kubwa na meza nyingi. Ndiyo maana X inaitwa serveri ingawa iko mbele ya uso wako: inahudumia kwa ekrani na klavye, na programu ndiyo mgeni anayeomba. Wengi wanageuza jambo hili, hata watu waliosoma.

Sasa, dogo lilipewa mchoraji peke yake, bila Xfce. Mzazi mmoja alituazima ekrani, tukaunganisha masanduku mawili kwa waya mmoja, na kwenye dogo tukaandika:

ssh -X mashini1
libreoffice --writer

Karatasi nyeupe ikafunguka juu ya ekrani ya dogo, lakini kubwa ndilo lililokuwa linafanya kazi. Ni polepole, sitaki kudanganya. Ukishusha ukurasa haraka inakuja vipandevipande. Lakini watu wawili wanaandika kwa wakati mmoja, na hiyo ni mara mbili ya juzi. Mnunuzi wa vyuma alifika mchana na mizani yake. Papa Prefe alimuuzia milango miwili ya mabati iliyoharibika.

Ilibaki shida moja ndogo ambayo naiandika kwa ajili ya wale wa Math-Physique. Picha ya kubwa ilikuwa nene, herufi zimevimba. Ekrani ile ina nukta 1280 kwa upana na 1024 kwa urefu, lakini waya wake umepoteza mguu mmoja, kwa hiyo ekrani haikuweza kujitambulisha, na X ikachagua kipimo kidogo kwa woga. Tuliomba hesabu kwa amri cvt 1280 1024 60, ikatupa mstari wa tarakimu. Ya kwanza ni 109.00, ni kusema nukta milioni 109 kwa sekunde. Jumla ya upana si 1280 bali 1712, na ya urefu si 1024 bali 1063. Mwalimu wetu wa hesabu alisimama hapo muda. Zidisha 1712 kwa 1063, unapata 1 819 856. Gawanya 109 000 000 kwa hiyo, inatoka karibu 59,9: picha inachorwa upya karibu mara 60 kila sekunde. Na zile nukta za ziada? Ni urithi wa ekrani za kioo kinene. Mwali wa ndani ulichora mstari, halafu ulihitaji muda kurudi mwanzo bila kuchora, sawa na mama anayelima tuta la viazi: akifika mwisho anabeba jembe begani, anarudi kuanza tuta lingine. Kurudi nako kunahesabiwa katika siku ya kazi. Zamani, kwenye miaka ya 1990, watu waliandika tarakimu hizo kwa mkono, na aliyezikosea sana aliweza kuunguza ekrani yake. Sisi tulizipa X kwa amri xrandr, tukaona ni nzuri, tukaziandika katika faili ndogo ndani ya /etc/X11/xorg.conf.d ili zisipotee tukizima.

Sasa mambo ya utaratibu. Mashini ziko katika chumba kidogo karibu na ofisi, ufunguo uko kwa Mama Sekretera. Siku ya kwanza na ya tatu ni za Komersiale, saa tisa mpaka betri ikisema basi. Siku ya ine ni ya madarasa mengine, wane wane. Kila mtu ataanza kwenye ekrani nyeusi: ataingia, ataandika date, ataandika startx mwenyewe. Yule dada ndiye anayefundisha, mimi nakaa mlangoni na orodha. Anayekuja na miguu ya matope anabaki nje. Kupiga karatasi hatuwezi bado. Mashini ya kupiga iko, wino hauko.

Na tena, panya wa mashini ndogo amepotea tangu siku ya tatu iliyopita. Aliye naye amuache juu ya dirisha la chumba usiku, sitauliza jina.